Kifua cha Mkwezi

Mtu aliyepewa kazi ya kunifundisha eksirei hakujua kuomba radhi, hakujua kunyamaza, na eksirei yenyewe alikuwa amekwisha kuisahau nusu. Nasema hivyo bila chuki. Kumchukia mtu ni kumpa uzito, na yeye sikuwahi kumwona mzito. Nilimdharau tu, na dharau hiyo sijapata sababu ya kuitupa.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, huko bara, nikisomea upigaji picha za mionzi. Wenzangu walipotakiwa kuchagua hospitali za kufanyia mazoezi walikimbilia miji mikubwa yenye mashine kubwa. Mimi niliomba Lamu. Mamangu alikuwa hajiwezi nyumbani Faza, na kutoka Lamu ningeweza kupanda boti kila Ijumaa nikamwone. Hospitali niliyopelekwa ilikuwa na chumba kimoja cha eksirei, mashine moja, na mkuu wa chumba mmoja. Mwanafunzi nilikuwa mimi peke yangu.

Mkuu alikuwa mtu wa mji hasa, wa nyumba ya ghorofa yenye mlango wa nakshi ambao wageni husimama kuupiga picha. Habari za mlango huo nilizipata kabla sijavua mkoba begani. Kisha akaniuliza natoka wapi.

"Faza, Bwana."

"Faza!" Akacheka hadi akaweka kikombe chini. "Sasa Bi, huko kwenu mna umeme wa kukuonyesha hata mfupa wa samaki?"

"Upo. Na waliosoma wapo."

"Alhamdulillahi," akasema, akarudi kwenye simu yake. Hilo ndilo lililokuwa somo la siku ya kwanza.

Siku ya pili alinionyesha birika liliko. Siku ya tatu alinionyesha mahali pa kufichia birika mkaguzi akija. Kuanzia wiki ya pili wagonjwa wote nikawa nawalaza mimi, nawageuza mimi, naweka kaseti, lile bamba la kunasia picha, mimi, na yeye akawa anatoka nyuma ya ukuta wake wa kujikinga kwa wakati mmoja tu: picha inapotokea kwenye kompyuta, ili aandike jina lake chini. Kipima mionzi chake, kile kidude kidogo cha kubana kifuani kinachoonyesha mwili umepokea mionzi kiasi gani, alikiweka kwenye droo ya meza. Kila miezi mitatu kilipelekwa kupimwa, majibu yakarudi kwamba yuko salama kabisa, naye akanisomea majibu hayo kwa sauti kama mtu aliyefaulu mtihani. Droo yake ilikuwa salama kweli.

Wanawake hakuwauliza kama wana mimba. Sheria inataka waulizwe, na ukuta ulikuwa na bango linalosema hivyo, ila yeye alidai ni aibu kwa mtu wa nyumba yake kumuuliza mke wa mtu jambo kama lile. Siku aliyojisikia kufuata sheria alipaza sauti mlango ukiwa wazi, "Wewe, una mimba?" na benchi zima la nje likageuka. Kati ya kunyamaza na kupiga kelele hakuona ndia ya tatu. Nikawa nawauliza mimi, nyuma ya pazia, kwa sauti ya chini, nao wakanijibu. Akaniambia napoteza wakati.

Jambo lililomkera zaidi ni herufi zangu. Chuoni tulifundishwa kuweka kipande kidogo cha madini ya risasi chenye herufi kando ya mwili kabla ya kupiga picha, cha kulia au cha kushoto, ili upande ujulikane bila ubishi. Nilikuwa na vyangu viwili. Nilivihifadhi kwenye kijaluba, kikasha kidogo cha wanja cha marehemu bibi yangu. Mkuu hakutumia. Alipiga picha kwanza, kisha akaandika upande kwenye kompyuta kwa kukumbuka. Alikumbuka vibaya, kwa kuwa wakati huohuo alikuwa akizungumza na simu. "Huyu Bi ni bingwa wa alifu na be," aliwaambia wauguzi, nao wakacheka, maana ndiye aliyepanga foleni ya jamaa zao.

Nilizoea. Nasikitika kulisema hilo, ila nilizoea. Nilijiambia nimekuja kuchukua sahihi yake kwenye fomu za chuo, nikishaipata nitaondoka.

Ndipo siku moja, baada ya swala ya Adhuhuri, akaletwa mkwezi kutoka Ndau. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, aliyeanguka mnazini asubuhi ile na kusafirishwa kwa boti akiwa amelazwa juu ya godoro. Mkewe alimfuata nyuma, pindo la buibui likiwa limelowa hadi magotini. Mgonjwa alipumua kwa pumzi fupifupi na midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika mbavu za kushoto.

"Mnazi gani ule, mjomba?" nikamuuliza huku nikimwingizia kaseti chini ya mgongo, nimsahaulishe maumivu.

"Nimeanguka hata nti, chini kabisa, mwanangu," akasema. "Huku ndiko." Akajigusa kushoto.

Nikafungua kijaluba nitoe herufi yangu. Mkuu, aliyekuwa amekuja mezani kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza siku hiyo kwa kuwa daktari alisema ni dharura, akausukuma mkono wangu. "Leo hatuna wakati wa madrasa yako."

Picha ikapigwa. Hapa sina budi kueleza kidogo. Mgonjwa anayeweza kusimama huipa kaseti kifua chake, na anayelala huipa mgongo. Picha hizo mbili hutoka zikitazamana kama mtu na kioo chake. Mkuu alikuwa amezoea wanaosimama. Picha ya mkwezi ilipotokea kwenye kompyuta aliiona kama imekaa kinyume na mazoea yake, akabonyeza kitufe akaigeuza, akaandika upande, akaandika jina lake. Haikumchukua zaidi ya sekunde tano.

Nilikuwa nyuma ya bega lake. Niliona pafu moja limesinyaa na hewa imejaa mahali pake, na moyo umesukumwa upande wa pili. Kwa mtu wa haraka picha ile ilionekana sawa kabisa: hewa kulia, moyo kushoto, mahali moyo ulipozoea kuwa. Ila chini ya mbavu kulikuwa na lile povu la hewa la tumboni, ambalo kwa binadamu wa kawaida hukaa kushoto, nalo sasa lilikuwa kulia.

"Bwana," nikasema, "naona kama picha hii..."

"Unaona nini, Bi? Una wiki ngapi hapa?"

 Akachapa filamu, akaitia kwenye bahasha, akampa mke wa mkwezi aipeleke kwa daktari. Mimi nikachukua kitambaa na dawa nikaanza kuifuta kaseti. Niliifuta mbele, nikaifuta nyuma, nikaifuta pembezoni, nikarudi mbele. Kaseti ile haikuwahi kuwa safi namna ile. Mkuu alimpigia mtu simu akaanza kuulizia habari za samaki wa kukaanga.

Sijui nilifuta kwa muda gani. Najua kwamba nilipotupa kitambaa sikuomba ruhusa.

Nilimkuta daktari, kijana aliyeletwa kazini miezi michache tu nyuma, ameinama juu ya mkwezi. Alikuwa amekwisha kumpaka dawa ya kahawia ubavu wa kulia, na sindano ya ganzi iko mkononi. Baada ya ganzi kingefuata kisu, na baada ya kisu mrija wa kutolea hewa, kwenye pafu lake la pekee lililokuwa likifanya kazi.

"Daktari, ni kushoto."

Hakuinua kichwa. "Wewe ni nani?"

"Mwanafunzi wa eksirei."

"Basi rudi eksirei."

"Wallahi ni huku," mkwezi akasema kwa sauti iliyobaki. "Tangu nitoke botini nawaambia ni huku."

"Maumivu huhama, mzee," daktari akamjibu, macho yakiwa kwenye filamu ukutani. Miaka yote ile ya shule, na mtu aliye hai mbele yake hakumwamini, aliamini filamu.

"Nimemlaza kwa mikono yangu," nikasema, na sauti yangu ilipanda hadi wauguzi wakageuka. "Picha imegeuzwa. Tazama hewa ya tumbo iko wapi!"

Akatazama. Kisha akafanya jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: akachukua kifaa chake cha kusikilizia, akasikiliza kulia, akasikiliza kushoto, akarudi kulia. Uso wake ukabadilika.  Alimwambia muuguzi, "Leta dawa nyingine," akapaka ubavu wa kushoto.

Nilisimama pale hadi mwisho. Mrija ulipoingia, maji kwenye chupa iliyounganishwa nao yalichemka kwa mapovu, na kidogokidogo midomo ya mkwezi ikarudisha rangi. Mkewe alinishika mkono akawa anasema subhanallah, subhanallah, bila kunitazama. Daktari aliosha mikono akatoka kwa mlango wa nyuma.

Wiki iliyofuata kulikuwa na kikao. Mkuu alivaa kofia mpya ya kushonwa kwa mkono na akasoma maelezo yake. Ndani yake iliandikwa kwamba alama ya upande iliwekwa kimakosa na mwanafunzi aliyezoea kutumia herufi zake mwenyewe, na kwamba yeye, kwa uangalifu wake, aligundua kosa na kumtuma mwanafunzi akatoe taarifa.

"Si kweli," nikasema. "Daktari ajua."

Daktari alikuwa ameketi mkabala nami, akizungusha kalamu. Kama angesema ukweli ingebidi aseme pia ubavu upi aliuanza. Aliendelea kuizungusha kalamu ile.

"Bi, hapa hatutafuti mchawi," akasema aliyeongoza kikao. "Mgonjwa amepona, tumshukuru Mola." Wakamshukuru Mola, wakaletewa chai.

Ijumaa ile nilipanda boti nikaenda Faza. Nilikaa kitandani kwa mamangu nikamsimulia yote, na nilisimulia vizuri: sauti ya mkuu niliiiga, kalamu ya daktari niliiiga, mama akacheka mara mbili. Nilipomaliza aliipanga leso yake.

"Huyo bwana nimemjua sasa," akasema. "Na wewe?"

"Mimi vipi?"

"Uliona kwenye kompyuta. Ukamaliza kufuta hicho kidude chako ndipo ukaenda. Muda gani huo?"

Nikasema sijui. Nikasema labda dakika kumi. Mama akaomba maji. Tangu siku hiyo, kila nikianza kuihesabu dharau yangu kwa watu wa kikao kile, najikuta nimekaa nao mezani, na kitambaa changu mkononi.

Mkwezi aliruhusiwa baada ya siku kadhaa. Jamaa zake walileta gunia la nazi kwa bwana wa picha aliyemwokoa, na bwana wa picha alilipokea. Mimi nilipokea fomu yangu. Mahali pa ujuzi aliniandika wastani. Mahali pa tabia aliandika kwamba sina adabu kwa wakubwa. Chuo kikanitaka nirudie miezi mitatu ya mazoezi, safari hii hospitali ya bara, mbali na boti za Ijumaa. Huko nilifundishwa na mwanamke mkavu asiyependa mazungumzo, ambaye siku ya kwanza alinilaza mimi mwenyewe juu ya meza baridi, akaniacha hapo, kisha akaniuliza nimejisikiaje. Katika asubuhi moja nilijifunza zaidi ya nilichojifunza Lamu nzima. Nilimaliza, nikafaulu, nikaajiriwa. Mama aliishi hadi akaliona vazi langu la kazi, na alisema limenibana.

Miaka michache baadaye tuliitwa kwenye semina, mafundi wa eksirei wa pwani nzima. Mada ya asubuhi ilikuwa usalama wa mgonjwa. Nilifungua mlango nikamwona mkuu wangu mbele, amenenepa, amepandishwa cheo, ndiye mwenye kufundisha. Alizungumza saa nzima. Alisema makosa ya upande ni hatari, na kwamba yeye binafsi aliwahi kuokoa maisha ya mtu mmoja wa visiwani kwa kuwa macho. Watu waliandika kwenye daftari zao. Niliinua mkono nikauliza, kama hewa ilikuwa upande mmoja na moyo umesukumwa upande wa pili, alijuaje kwamba picha imegeuzwa? Alinitazama, hakunitambua, au alinitambua. Akasema ni uzoefu.

"Uzoefu wa kutazama nini, Bwana?"

"Uzoefu tu, Bi," akasema, akapita kwenye swali lingine. Hadi leo hajui habari za lile povu la tumboni.

Wakati wa mapumziko alinijia katikati ya watu, mkono ameunyosha. "Huyu nimemfundisha mimi!" akawaambia. "Huyu wa Faza!"

Nikaweka kiganja changu kifuani nikainamisha kichwa, kama wanawake wengi wa kwetu wafanyavyo mbele ya mwanamume asiye maharimu, yaani asiye ndugu yao wa karibu. Akaurudisha mkono wake kwa heshima kubwa, akawaambia wenzake, "Mashallah, mwaona, watu wa dini hawa."

Nikamwacha aamini hivyo. Siku ile haikuwa dini.