Siku Mama Mdogo Alipoyapima Matokeo Yangu

Mama mdogo wangu Scolastika aliishia darasa la saba, na ndiye aliyenirudisha chuo kikuu. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nimekaa kujisifu. Katika habari hii mjinga ni mimi.

Mama yangu alipofariki nikiwa na miaka minne, yeye alinichukua kule Ushirombo akaja nami Geita mjini, tukapanga chumba Kalangalala. Alipata kazi ya kufagia duka la mzee Nasibu, mnunuzi wa dhahabu mwenye leseni. Msiidharau kazi hiyo. Vumbi la duka la dhahabu halitupwi, linakusanywa na kuoshwa, na anayelifagia huangaliwa kwa macho manne. Baada ya miaka miwili mzee Nasibu alichoka kumwangalia, akampa kikombe cha kuyeyushia. Baadaye akampa na mizani.

Leo wachimbaji wakiingia swali lao la kwanza ni, "Mama Lusia yupo?" Lusia ndiye mimi. Asipokuwepo wanakaa kwenye benchi kumsubiri, hata kama mzee Nasibu mwenyewe amesimama pale na miwani yake. Anapima kipande kikiwa kikavu, anakipima tena kikiwa ndani ya maji, kisha anakwambia usafi wake. Hapunguzi, haongezi, na ukipiga kelele anakusubiri umalize.

Nikiwa kidato cha pili nilimwona akimaliza kelele za Dominiko, mchimbaji mmoja kutoka Songwa, jitu refu lenye sauti ya ng'ombe dume. Dominiko alileta vipande vitatu vidogo vya dhahabu safi sana, na kimoja kikubwa kilichojaa uchafu. Alikuwa ameshapiga hesabu yake nyumbani: usafi wa vipande vinne, jumlisha, gawa kwa nne. Vilipoyeyushwa pamoja, usafi ukatoka chini kabisa ya hesabu yake.

"Mayu, mnanipunja mchana kweupe!" akanguruma, akimwita mama kwa Kisukuma.

Mama mdogo akamwambia anyooshe mikono. Vipande vilikuwa vimeshayeyushwa, kwa hiyo alichukua jiwe la mizani la kilo akaliweka kiganja cha kulia, na vijiwe vitatu vya gramu kiganja cha kushoto. "Upi unakulemea?"

"Huu wa kulia."

"Basi vikichanganywa, huo ndio wenye sauti. Vidogo vyako vilikuwa vizuri, lakini vidogo."

Nilimcheka Dominiko wiki nzima. Nilimwigiza hata kanisani.

Sasa mnisikilize mimi msomi. Mwaka jana nilijiunga na chuo kikuu Dodoma, kusomea maendeleo ya jamii. Muhula wa kwanza ukaisha, nikarudi Geita likizo, na Alhamisi moja matokeo yakatoka kwenye mtandao. Masomo matano: B mbili, D mbili, na E moja ya kompyuta iliyonikodolea macho. Palipotakiwa kuwa na wastani palikuwa na kistari tu, kwa sababu yalikuwa matokeo ya awali, hayajapitishwa.

Nikampigia Aneth, tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja. Akaniambia kwa uhakika wote wa dunia: B ni pointi tatu, D ni moja, E ni sifuri, jumlisha, gawa kwa masomo. Nane gawa kwa tano. Moja nukta sita. Na sheria ya chuo chetu kila mwanafunzi anaijua tangu wiki ya kwanza: ukifika wastani wa mbili, masomo uliyoanguka, yaani ya D na E, unarudia mitihani yake, ndiyo tunaita sapu. Ukiwa chini ya mbili, umedisko, kafungashe virago.

Sapu zilikuwa zinaanza Jumatatu. Asiyetokea kwenye sapu hana mjadala tena, naye amedisko. Mimi sikuona sababu ya kwenda. Nililia Alhamisi, nikalia Ijumaa, na Jumamosi asubuhi nikaenda dukani kumwambia mama mdogo ukweli, nimeshika karatasi niliyochapisha kwenye steshenari ya jirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona macho kama umepuliza moto wa kuni mbichi?"

Nikamwambia nimedisko. Sikutaka kumweleza mbele ya watu, lakini yalinitoka yote. Hakulia wala hakunifokea. Alifuta mikono, akaichukua karatasi, akaivuta hadi karibu na dirisha, akaisoma kama anavyotazama kipande chochote kinachoingia mle dukani.

"Hizi namba za pembeni ni za nini? Kumi na mbili, kumi na mbili, sita, sita, sita."

"Hizo ni krediti tu, mama. Ukubwa wa somo. Ni vipindi na kazi za..."

Akanitazama. Nami nikajisikia nikitamka neno lile. Ukubwa.

"B zako ziko wapi?"

"Kwenye za kumi na mbili."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Lusia," akasema polepole, "wewe si ndiye uliyekuwa unamwigiza Dominiko?"

Alikwisha shika kikokotoo chake kilichofutika tarakimu ya tano. Kumi na mbili mara tatu, thelathini na sita. Tena thelathini na sita. Sita mara moja, sita. Sita nyingine. Ya kompyuta, sifuri, akaibonyeza hata hivyo kwa sababu kwake kila kinachoingia kinapimwa. Themanini na nne. Uzito wote, arobaini na mbili. Akagawa.

Mbili.

Akarudia. Mbili. Mzee Nasibu akaja na miwani yake, akapiga hesabu kwa kalamu nyuma ya risiti. Mbili kamili, bila hata nukta ya kuazima!

"Sheria inasema nini kuhusu mbili yenyewe?" mama mdogo akauliza.

"Chini ya mbili. Wanaodisko ni wa chini ya mbili."

"Basi unafanya nini hapa dukani kwangu?"

Chuo kilikuwa kimefunga ofisi, simu haikupokelewa. Hatukuwa na uthibitisho wowote ila kikokotoo kile. Mama mdogo hakutaka mwingine. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameniketisha kwenye basi la Dodoma na mihogo ya kuchemsha, na safari nzima nilikuwa na daftari la kompyuta mapajani. Niliogopa, sitaficha, lakini ilikuwa hofu tamu, ya mtu aliyerudishiwa kitu mkononi.

Jumatatu asubuhi nilikimbia hadi ubao wa matangazo. Nikaanza kuisoma orodha ya wenye sapu kutoka chini, kama waoga wote. Namba kumi na saba: Lusia Magesa, masomo matatu.

Nilipiga kelele hadi mlinzi akanigeukia. Nikampigia mama mdogo.

"Mama! Nina sapu tatu!"

Nikamsikia akigeukia watu waliojaa dukani, na sauti yake, ambayo haijawahi kupanda kwa ajili ya dhahabu ya mtu yeyote, ikapaa: "Ana sapu tatu! Mwanangu ana sapu tatu!"

Na wachimbaji wale, ambao hata mmoja hakujua sapu ni kitu gani, wakashangilia, wakagonga benchi, na mtu mwenye sauti ya ng'ombe dume akauliza kama nimekuwa daktari.

"Bado," nilimsikia mama mdogo akijibu. Kisha akarudi kwangu. "Hizo tatu ni za sita sita, siyo?"

"Ndiyo mama."

"Ndogo, lakini usiziache. Nenda kazisafishe."

Niliingia chumba cha mtihani nikiwa bado nacheka, na msimamizi akaniuliza kama niko sawa.