Kiti cha Nyuma cha Ndege ya Shangazi Modesta

Wiki iliyopita nilikuwa gereji hapa Mpanda, nimekaa kwenye benchi nikisubiri kijana abadilishe beringi ya tairi la mbele la pikipiki yangu. Akafungua kopo la grisi. Harufu ile ikanifikia, nzito, tamu kwa mbali, kama samli iliyochacha na kumwagiwa mafuta ya taa, na nikajikuta nimesimama kabla akili haijajua kwa nini. Kijana akaniangalia.

"Dada, vipi, unaumwa?"

Nikamwambia siumwi, nimekumbuka ndege yetu ya nyumbani. Akacheka sana. Nikamwacha acheke, maana habari yenyewe haisimuliki gereji. Nyie nitawasimulia.

Nilikulia Sitalike, pale barabara inapokaribia kuingia hifadhini, ambako viboko hukoroma mtoni kama wazee waliolewa, na ukiamka unakuta mahindi yamekanyagwa. Dada yake baba, Shangazi Modesta, alikaa nasi ua mmoja, kwenye chumba cha pembeni. Alikuwa fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, majiko ya mkaa, vitanda vya chuma, vyote alivitengeneza yeye, amefunga kanga kiunoni juu ya suruali na miwani myeusi usoni. Zamani aliolewa Mpimbwe, upande wa pili wa hifadhi. Halafu msimu mmoja wa mvua akarudi kwetu na begi la nguo, bila mume na bila mtoto wake.

Mtoto huyo aliitwa Sabina. Tulizaliwa mwaka mmoja, mimi na yeye. Nilijua alifia njiani akipelekwa hospitali Mpanda, na nilijua kwamba jambo hilo haliulizwi. Bibi alikuwa akisema, "Kidonda cha mwenzio hakipimwi kwa kidole." Basi hatukupima.

Wazo la ndege lilitoka kwenye kambi moja ya watalii, ambako shangazi aliitwa kuchomelea jiko. Pale kwenye uwanja wa nyasi kulikuwa na rubani aliyekuwa akisubiri wageni wake, hana kazi, anapenda kuongea. Shangazi akamuuliza maswali mpaka jua likageuka. Aliporudi alikaa jikoni na mama, akamwambia, "Wifi, kumbe ndege ni mabomba tu, turubai na injini." Mama akaendelea kuchambua mchele. Alidhani ni maneno ya uchovu.

Hayakuwa maneno ya uchovu. Mabomba yakaanza kuingia uani, moja leo, jingine baada ya mavuno. Ikaja injini ya gari bovu. Likaja turubai la kijani. Pangaboi la mbele alilichonga mwenyewe kwa ubao wa mninga, akalipiga msasa mpaka likang'aa kama sahani. Watu wa kijiji walikuja kuangalia, wakaondoka wakitikisa vichwa. Watoto wenzangu waliipa jina: Kuku wa Modesta, kwa sababu ana mabawa na haruki. Mzee Masanja, jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe wengi, ndiye aliyeivuta kwa maksai hadi mbugani siku ilipohitaji nafasi ya kukimbia. Alisimama akaizunguka, akaipapasa ubavu, akasema, "Huyu wenu hanywi maji, hali majani. Mtamchinja lini?" Hata shangazi alicheka siku hiyo. Nakumbuka kwa sababu kicheko chake kilikuwa kitu cha nadra.

Kitu kimoja kilimnyima raha: mguu wa mbele. Ndege yake ilisimama kwa matairi matatu, mawili chini ya mabawa na moja chini ya pua. Lile la pua lilishikwa na shokapu za pikipiki. Rubani alikuwa amemwonya kwamba ndege ndogo nyingi hazivunjikii angani, huvunjika pua zikiwa chini. Shangazi alinieleza hivi, na mpaka leo naweza kulirudia kama sala: "Shokapu ikilegea, pua inainama. Pua ikiinama, pangaboi linalima ardhi. Likilima ardhi linapasuka, na vipande vyake havichagui pa kwenda."

Kwa hiyo kila alipotaka kuwasha injini alisimamisha kijiti chini ya ncha ya pangaboi kuona kama nafasi iliyobaki inatosha. Kisha alilala chali chini ya pua, akapitisha kidole kwenye kila alama ya kuchomelea kutafuta ufa, akakagua kama shokapu inavuja mafuta, akajaza upepo, akapaka grisi kwenye beringi. Grisi niliipaka mimi pia. Vidole vyangu vyembamba viliingia pale vyake visipofika. Mbugani kazi ilikuwa nyingine. Viboko hupita pale wakati wa matope, na kiangazi nyayo zao hukauka zikawa mashimo magumu kama vyungu. Tulikwenda na majembe, tukayafukia, tukashindilia kwa miguu. Shangazi alinionyesha: tairi la pua likitumbukia humo, basi.

Kiti cha rubani kilikuwa cha plastiki, kimekatwa miguu. Nyuma yake kulikuwa na kiti kingine, kidogo, chenye mto wa kitambaa cha maua mekundu na mikanda ya mabegani. Siku ya kwanza aliyonipandisha alisema ni kwa ajili ya uzito. "Ukikaa wewe nyuma, pua inanyanyuka kidogo, panga linakuwa mbali na ardhi." Ilikuwa kweli, nililiona kwa macho. Akanifunga mikanda. Ilinikaa sawasawa, haikuhitaji kupunguzwa wala kuongezwa, nami nikajivuna kwamba shangazi amenipima kwa jicho tu.

Sikumbuki ni lini hasa alianza kuniita kwa jina lile. Nadhani ilikuwa chini ya pua, mikono yake imeshikilia gurudumu. Akasema, "Sabina, niletee spana." Nikampa spana. Hakushtuka, kwa hiyo nami nikajizuia kushtuka. Siku nyingine akaniita tena, nikaitika, "Abee." Nyumbani niliendelea kuwa Paska. Mbugani, upepo ukipuliza nyasi kavu na mto ukikoroma kwa mbali, nilikuwa wote wawili. Wakati mwingine nikiwa nimefungwa kwenye kile kiti nilihisi joto upande wa mgongo, kama mtu aliyetoka kukaa pale muda huo huo. Nilijisemea ni jua. Niliogopa, lakini kesho yake nilirudi. Nilimpenda shangazi yangu, na pale tu ndipo uso wake ulipokuwa ukifunguka.

Mama alilisikia jina hilo siku moja alipotuletea chakula. Aliweka bakuli chini taratibu.

"Wifi, umemwitaje mwanangu?"

Shangazi akafuta mikono kwa kitambaa.

"Mimi najua ulichopoteza," mama akasema. "Najua, Modesta. Lakini huyu ni Paskazia. Kama unataka uzito nyuma, weka gunia la mahindi."

Shangazi aliinamisha kichwa. Tulirudi nyumbani mimi na mama tumeshikana mikono, na mama akanikataza kukanyaga mbugani.

Nilikaa nyumbani kwa muda. Nilimwona shangazi akipita uani na kopo lake la grisi, akienda peke yake, akirudi peke yake. Hakunilaumu wala hakunibembeleza. Hatimaye asubuhi moja mama alikwenda kwenye bustani yake ya mchicha kando ya mto, nami miguu ikanipeleka. Shangazi aliponiona nikija kati ya nyasi alisimama wima, mkono kifuani, akanitazama muda mrefu kupita kawaida. Hakuniambia nirudi. Alinipandisha, akanifunga mikanda, akapima nafasi chini ya panga, akawasha.

Mwadhani alitaka kuruka siku ile? Sijui. Alikuwa akiikimbiza tu ndege, kama siku zote, kwenye njia tuliyoisafisha kwa majembe. Injini ilinguruma mpaka meno yangu yakagongana. Nyasi zikapita mbio pembeni. Nakumbuka kuna sekunde fulani ambapo mtikisiko wa ardhi ulikoma chini yangu, kama mtu anayeshusha pumzi, na nikaona kisogo cha shangazi kikitulia. Halafu tukagusa tena, nje kidogo ya njia yetu, mahali ambapo hatukuwahi kufukia mashimo. Tairi la pua likatumbukia kwenye unyayo wa kiboko.

Nilisikia chuma kikikatika. Pua ikainama kama mtu anayepiga magoti, na pangaboi likaingia ardhini. Sauti yake siwezi kuwapa. Udongo ulirushwa juu, na kipande cha mninga kikaingia kwa upande wa kushoto wa turubai, kikatokea kulia, karibu na sikio langu. Upepo wake niliusikia shavuni. Kisha injini ikazima na kikaja kimya ambacho sijakisikia tena tangu siku hiyo. Hata mtoni kulinyamaza.

Vumbi lilikuwa zito, hatukuonana. Nikasikia shangazi anaita.

"Sabina! Sabina!"

Nikaitika, "Abee, mayo."

Sasa nisikilizeni. Nyumbani kwetu mzazi wa kike tulimwita mama, na yeye nilimwita shangazi. Mayo ni neno la kule alikoolewa, Mpimbwe. Bila shaka niliwahi kulisikia mahali. Lakini sikulitafuta, lilitoka lenyewe, kwa sauti nyembamba kuliko yangu.

Alinikata mikanda kwa kisu, akanivuta nje, akakaa chini kwenye nyasi na mimi mapajani. Alikuwa akitokwa damu kwenye paji la uso. Alinipapasa mikono, miguu, kichwa, huku akirudia, "Umeitika. Umeitika, mwanangu." Nilikuwa mzima. Nilimwacha aniite hivyo.

Mama alikuwa amesikia kishindo kutoka bustanini. Alikuja mbio, kanga imeanguka njiani, na nilipoona uso wake nilijua shangazi anapigwa leo. Alifika, akatusikia. Alisimama pale, kifua kikipanda na kushuka. Kisha akaketi kwenye nyasi kando yetu, hakuninyang'anya, akaweka mkono wake mgongoni mwa wifi yake, akangoja. Tulikaa hivyo watatu mpaka shangazi mwenyewe alipolegeza mikono, akanitazama kama anayezinduka, akasema kwa sauti ya kawaida, "Paska. Nenda kwa mama yako."

Alilala mpaka kesho yake mchana. Bibi alikaa mlangoni na fimbo kuwafukuza watoto wasipige kelele. Alisema tangu Modesta arudi kutoka Mpimbwe hajawahi kumsikia akilala hivyo. Alipoamka aliomba uji. Baada ya mwezi mmoja maksai wa Mzee Masanja waliirudisha ndege nyumbani kipande kipande, na kipande kwa kipande mabomba yake yakawa madirisha ya watu. Jina la Sabina hakunitamkia tena.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshaanza kazi hapa Mpanda, nilipopata ujasiri wa kumuuliza. Tulikuwa wawili tu, anachuja chai. Akanionyesha kwanza picha ya mtoto amesimama mbele ya nyumba ya nyasi, amevaa gauni la maua mekundu. Nikakitambua kitambaa kabla sijautazama uso. Kiti kile kilikuwa na mwenyewe kabla yangu, na mikanda ile haikupimwa kwangu.

Kisha akaniambia habari za njiani. Gari walilopanda lilizama kwenye matope katikati ya hifadhi, maji yametanda huku na huku. Wanaume walikuwa wachache, naye akashuka kusukuma, mtoto akabaki ndani juu ya mapaja ya bibi mmoja asiyemjua. "Aliniita, Paska. Nilimsikia vizuri. Nikamwambia subiri mama, gari linatoka sasa hivi. Lilipotoka nikapanda nikamwita. Nikamwita mpaka Sitalike."

Miaka yote nilidhani alijenga ndege ili avuke matope yale. Mtoto wa darasa la tatu angefikiri nini kingine? Lakini hakukuwa na mgonjwa tena wa kuvushwa, na shangazi alilijua hilo kuliko sisi sote. Alichotaka ni kidogo sana kuliko kuruka: amwite mtoto aliye nyuma yake, na mtoto aitike.

Zamani nilikuwa nikisema kwamba siku ile nilikaribia kufa. Siku hizi sisemi hivyo. Naona kama kuna mwingine aliyekaribia kurudi, akakuta mlango ulio karibu ni mdomo wangu. Huenda ni upuuzi. Mama anasema nilikuwa mtoto aliyeshtuka, basi. Shangazi hajawahi kuniuliza neno lile nililitoa wapi, nami sijamwambia kwamba sijui.