Kitufe cha Kijani

Dukani walimwita Stepla, kwa kuwa mkono wake ulibana karatasi kabla mteja hajamaliza kusema abaniwe. Lilikuwa duka la fotokopi, lenye mashine mbili, moja nzima na nyingine ya kukufurisha, na kompyuta iliyohema kama mtu aliyetoka kupanda ghorofa. Kwenye kompyuta hiyo, wateja wakipungua, Stepla alijifundisha kutengeneza programu ya simu.

Hakuna aliyemtuma. Mama yake alikuwa na presha na aliishi peke yake upande wa pili wa mji, na kila asubuhi Stepla alimpigia kumuuliza kama amemeza dawa. Mama naye hakuwa mtu wa jibu fupi. Ukimuuliza dawa, atakupa kwanza habari za bomba, za jirani, za goti, ndipo aseme, "Hizo dawa zenu zinanizungusha kichwa, lakini haya, nitameza." Foleni dukani ikawa inakohoa kumkumbusha Stepla kwamba ipo.

Ndipo ikazaliwa programu aliyoiita Umemeza? Alijifunza kwa video, akaandika, akafuta, akaandika tena. Kuna wiki nzima ilikataa kufunguka kwa sababu ya alama moja ndogo aliyoisahau. "Wewe nimekuajiri utoe kopi," bosi wake akamwambia, "naona unatoa jasho." Lakini siku simu ya mama ilipolia kwa mara ya kwanza kwa sauti ya Stepla mwenyewe, "Mama, dawa," na mama akabonyeza kitufe cha kijani, na papo hapo kwenye simu ya Stepla ikawaka alama ya kijani, alizunguka kaunta akamkumbatia mteja asiyemjua hata jina.

Tangu siku hiyo hakupiga tena asubuhi. Apige ya nini? Saa ikifika, kijani. Kesho yake, kijani. Walizungumza siku za mapumziko, harakaharaka, na habari za bomba zikabaki huko huko bombani.

Mama alianguka jikoni siku ya kijani.

Daktari alisema presha ilipanda. Stepla akamwambia haiwezekani, akatoa simu, akamwonyesha. Daktari aliitazama ile safu ya kijani kwa adabu, akamrudishia simu yake.

Msiba ulimpita kama unapita kwa mtu mwingine. Watu walilia, yeye akapanga viti. Mambo yalipotulia, akaenda na mama mdogo kufungasha nguo za marehemu. Kwenye mfuko wa koti la baridi kulikuwa na leso iliyofungwa fundo. Stepla akaifungua. Ndani yake vidonge, vingi, vingine vimeshaanza kuwa unga.

"Zilikuwa zinamzungusha kichwa," mama mdogo akasema bila kugeuka.

"Lakini alikuwa anabonyeza."

"Alibonyeza, ndiyo. Kelele ingekatikaje? Alikuwa ananiambia, 'Nikigusa hapa, mwanangu anafanya kazi yake kwa amani.'"

"Kumbe ulijua, mama mdogo. Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukumuuliza?"

Stepla alingoja kitu kimpasue kifuani. Hakikuja. Akakunja koti, kisha akakunja sketi.

Wakati huo programu ilikuwa tayari kutolewa kwa watu wote. Bosi, kwa moyo mweupe kabisa, alikwisha kuchapa bango na kulibandika mlangoni: MZAZI WAKO MIKONONI MWAKO. Mwalimu mmoja, mteja wa siku zote, alikuwa akiisubiri kwa ajili ya baba yake. "Itoe tu," bosi akamwambia. "Hata mama angefurahi."

Stepla alifungua kazi yake akatafuta kile kitufe. Amri mbili: ya kwanza inyamazishe kengele, ya pili iandike kwamba mgonjwa amemeza. Alikuwa amezifunga pamoja kwa sababu yule wa kwenye video alizifunga pamoja, na kwa sababu ilikuwa rahisi. Tunapenda sana vitu vya namna hiyo, vinavyotuhakikishia kwamba tumewajali watu wetu bila kulazimika kuwasikiliza.

Akakifuta. Akafuta na alama za kijani, zote. Akaandika upya, mkono ukienda wenyewe. Sasa kengele haikulia tena kwa mzazi, ililia kwa mtoto, na kwenye skrini kulikuwa na neno moja tu la kugusa: Mpigie.

"Sasa hapa app iko wapi?" bosi akauliza. "Hii si saa ya mezani?"

"Ndiyo."

"Stepla, watu wanataka kijani. Kijani ndiyo raha yenyewe."

"Najua, bosi."

Aliiwasilisha kwenye duka la programu mchana, kati ya kopi ya kitambulisho na kopi za vyeti, ikakubaliwa. Maoni ya kwanza yakaja na nyota moja: "Haina kazi. Inaniambia nimpigie mama, basi." Bosi alikasirika kwa niaba yake. Yeye akaendelea kujaza karatasi kwenye mashine.

Siku moja mwalimu akaingia na mitihani kwapani, amenuna.

"Wewe dada, app yako imenichelewesha darasani. Mzee akianza haishi!"

"Amemeza?"

"Hataki. Anasema zinamchoma tumbo, kumbe siku nyingi. Kesho nampeleka akabadilishiwe." Akamsogezea karatasi. "Nibanie hizi."

Stepla akazibana. Simu yake ikalia kwenye kaunta. Programu ilipoanza alikuwa ameweka namba ya mama kwa ajili ya majaribio, na hakuwahi kuitoa. Skrini ikaandika: Mama. Chini yake, Mpigie. Hapakuwa na mahali pengine pa kugusa, ndivyo alivyoitengeneza.

"Pokea basi," mwalimu akasema.

Stepla aliishika, akaitazama ikilia mkononi mwake. Nyuma ya mwalimu, foleni ikakohoa.