Rudi Upimiwe

Kiangazi cha mwaka huu kilipoanza kukunja majani ya ndizi, Sulemani muuza nyama alianza kutembea na mimi. Watu wa Nkubu walishangaa. Mimi wamenizoea. Tangu mke wangu aende kwa Mungu mimi hutembea tu. Nikishakunywa chai natoka, naenda kule miguu inakotaka, kofia mbili kichwani, ya jua juu na ya kanisa chini, ndiyo nikikuta matanga au harusi njiani niwe na heshima yangu. Lakini Sulemani alikuwa mtu wa kusimama. Miaka yote alisimama nyuma ya gogo lake la kukatia nyama, na kutoka pale dukani mpaka msikitini ndiyo ilikuwa safari yake.

Huyu Sulemani ni mtu wetu. Babu yake alikuja huku na misafara ya zamani, akaoa msichana wa Igoji, akabaki. Kimeru anakiongea kuliko watoto wangu. Na hakuna boma karibu hapa ambalo kisu chake hakijaingia, kwa sababu ukiwa na harusi, hata kama umezaliwa Mmethodisti na utakufa Mmethodisti, unamwita Sulemani achinje, ndiyo kila mgeni ale bila kuuliza. Ng'ombe wa harusi ya binti yangu Kanana alichinjwa na yeye, na hakuchukua kitu ila ngozi.

Ana tabia moja. Kitu chochote akikishika anakipima kwa mkono. Jiwe, parachichi, mtoto wa mtu akipewa ambebe. "Kilo sita na robo," anasema, halafu anamrudisha kwa mama yake. Mara nyingi anakosea, lakini hakubali. Atakwambia mizani ndiyo mbaya.

Sasa hiyo asubuhi ya kwanza tulipita njia ya vumbi, ile ya kuteremka mtoni, na jua lilikuwa limeshakuwa kali hata kabla umande haujakauka vizuri. Niliokota parachichi lililoanguka nikampa. Alilishika tu. Hakuliinua, hakusema kitu. Tukaenda, tukaenda, mpaka nikamwuliza, "Baba Zuleka, hilo ni kilo ngapi?"

Akasema, "M'Kaburu, wewe unakumbuka sauti ya Mwanabibi?"

Mwanabibi ni mke wake. Tulimzika mvua za mwezi wa kumi zilipoanza. Tumbo lilimvimba, akaenda hospitali kwa miguu yake, na aliporudi alibebwa.

"Nakumbuka," nikamwambia.

"Mimi imenitoka."

Nilidhani anasema kwa mfano, kama watu wanavyosema wakiwa na uchungu. Hapana. Alisimama katikati ya njia akanieleza pole pole, kama mtu anayemweleza daktari. Uso anao. Uko kwa kitambulisho, uko kwa picha moja ya studio ambayo Mwanabibi amefunga mdomo kama aliyeambiwa asipumue. Maneno pia anayo. Anajua alisema, "Sulemani, funga huo mlango." Anajua alisema, "Sulemani, chai inapoa." "Lakini anayesema ni mimi," akaniambia. "Ndani ya kichwa ni mimi najiambia nifunge mlango. Yeye hayuko."

Halafu akasema, "Ile video. Lazima kuna mtu bado anayo."

Nilijua ni ipi.

Mimi ni mzee lakini video nazipenda. Kanana alinipa simu yenye kioo, na wajukuu wananitumia mambo ya ajabu: mbuzi amevaa sweta ya shule, mzee wa nchi za mbali analala juu ya kamba kama aliye kitandani, jogoo anayekimbiza gari la polisi. Nacheka peke yangu njiani mpaka watu wanavuka upande wa pili. Siku moja ikaja video nyingine, na nilipoifungua nikaona ni hapa hapa Nkubu, na ni Mwanabibi.

Alikuwa amekaa nje ya bucha anaosha matumbo kwa beseni. Mwewe akashuka. Loo, kama jiwe. Akachukua kipande cha maini na akapanda nacho. Mwanabibi akaruka na kisu mkononi, mtandio ukamwangukia mabegani, nywele zake za mvi zikaonekana zote, zimesukwa mistari. Akanyoosha kidole juu mbinguni, akapiga kelele: "Wewe! Rudi! Rudi upimiwe kwanza!" Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya duka ili asianguke. Maxine, msichana aliyekuwa akiuza kadi za simu ng'ambo ya barabara, ndiye alichukua hiyo video, na kufika jioni ilikuwa imeshafika Embu na Isiolo, na hata kwa watoto wetu walio Saudia.

Watu waliipenda. Hakuna aliyemcheka kwa ubaya. Lakini Sulemani aliona kitu kimoja tu, nywele za mke wake mbele ya macho ya dunia nzima. Akafunga bucha, kitu ambacho hakuwa amekifanya hata siku ya kuzaliwa kwa Zuleka, na akaanza kuzunguka. Mlango kwa mlango. Hakugombana na mtu. Alisema, "Naomba, futa, nikiona." Na watu walifuta akiona. Mkono uliochinja ng'ombe wa harusi yako, utaukatalia vipi? Hata mimi nilifuta. Alisimama karibu yangu akaangalia kidole changu.

Siku alipomaliza nilikuwa pale dukani. Mwanabibi alikuwa anaosha matumbo, mtandio umekazwa vizuri.

"Umemaliza?" akamwuliza.

"Nimemaliza."

"Hata ya Maxine?"

"Hata ya Maxine."

"Haya," akasema. Akamwaga maji, akaweka mengine. Halafu bila kumwangalia akasema, "Lakini nilikuwa nimependeza."

Basi hiyo ndiyo video tuliyotoka kutafuta, mimi na yeye, kwa jua la mwezi wa pili, mlango kwa mlango tena. Milango ni ile ile. Mara hii anayeomba ndiye yule aliyeomba mara ile, na ombi limegeuka. Nilimwonea huruma, na niliona haya kwa ajili yake pia.

"Lakini mzee, si ulisema tufute?" Hivyo ndivyo walivyotujibu wote, kinyozi, mama wa mboga, mwalimu aliyestaafu. Wengine walifungua simu zao na kutafuta hata hivyo, kwa heshima, wakijua hakuna. Thuranira, yule wa duka la misumari, alicheka. "Baba Zuleka! Kesho utatuambia turudishe ng'ombe uliyemchinja, tumsimamishe ale nyasi?" Watu waliokuwa hapo wakacheka. Sulemani naye akatabasamu kidogo, kama mtu mzima anavyofanya. Halafu Thuranira akamwangalia uso vizuri, akaacha kucheka, akaingia ndani akatuletea vigoda viwili. Hatukukaa.

Alimpigia Zuleka, binti yake aliye Embu. Nilisikia sauti ya Zuleka ikitoka kwa simu. "Baba, simu yangu uliichukua wewe mwenyewe. Ukafuta wewe mwenyewe. Mimi nililia, hukumbuki?" Alisema anakumbuka.

Na Zuleka mwenyewe, jamani, sauti yake si ya mama. Ni ya baba.

Ikabaki Maxine. Aliolewa Kiambere, kule karibu na bwawa, na hatukuwa na namba yake, lakini mama yake Makandi anauza ndizi Kanyakine. Tukaenda kwa miguu. Nilimwambia tupande gari, akasema hapana, akifika haraka ataambiwa haraka. Kwa hivyo tulitembea, yeye upande wa kivuli na mimi upande wa jua kwa sababu nina kofia. Vumbi lilikuwa jekundu mpaka kwa nyusi. Njia nzima hakupima kitu. Mara moja tu alisema, "Siku ya kuzika nilishika upande wa kichwa. Alikuwa mwepesi, M'Kaburu. Sikuweza kusema ni kilo ngapi." Nilimwambia ndizi za huku zimekauka mapema. Akasema ndiyo, zimekauka.

Makandi alitupokea vizuri, akatupa maji na ndizi mbivu, akampigia Maxine na kuweka simu juu ya mkungu ili sote tusikie.

"Baba, shikamoo," Maxine akasema.

"Marahaba, mwanangu. Ile video ya mama."

Tulisikia kuku wake huko Kiambere.

"Baba, nilifuta mbele yako. Hata ulinishukuru, ukanipa nusu kilo ya nyama. Na ile simu ya wakati huo ilizama bwawani." Akavuta pumzi. "Baba, nisamehe."

"Hujakosa, mwanangu. Ulitii."

Makandi akakata simu. Sulemani alikaa amekunja mikono yake katikati ya magoti, ile mikono mikubwa, na mimi nikaanza kutafuta fimbo yangu ndiyo tuondoke. Hapo ndipo Makandi akasema, "Kwani mlikuwa mnamtaka Mama Zuleka? Mimi video sina. Niko na stika."

Sulemani hakujua stika ni nini, maana simu yake ni ile ya vibonye na tochi. Makandi akamweleza. Ni kapicha kadogo watu wanakotumiana badala ya kuandika maneno, na kengine kanatembea. Kina mama wa chama chao, mtu akikasirika akatoka kwa grupu, wanamtumia hako ka Mwanabibi, "Rudi!" na anacheka na anarudi. Wamekatumia muda mrefu. Wengine hata hawajui ni nani.

"Na kwa nini hukufuta?" Sulemani akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeogopa jibu litaharibu kitu.

"Ulisema video, baba."

Akampa simu. Nikachungulia juu ya bega lake. Alikuwa yeye kabisa, mdogo kama ukucha. Ananyoosha kidole juu. Mdomo unafunguka. Mtandio unaanza kuteleza, nywele zinaonekana, na kabla hajaanza kucheka, anarudi mwanzo. Kidole, mdomo, mtandio. Kidole, mdomo, mtandio.

"Sauti iko wapi?"

"Stika haina sauti, baba."

"Ongeza."

Makandi akanitazama. Halafu akabonyeza pembeni ya simu, kile kibonye cha sauti, akabonyeza mpaka mwisho, kwa heshima tu. Mwanabibi akafungua mdomo akafunga.

Makandi alinitumia mimi hiyo stika, kwa kuwa simu yangu ina kioo, na tukarudi. Katikati ya njia tulipumzika chini ya mgrevilea. Sulemani akaomba simu yangu. Akamwangalia mke wake kwa muda mrefu, na kwa kidole alikuwa anafuata ule mdomo. "Hapa anasema 'wewe'. Hapa 'rudi'." Akanigeukia. "M'Kaburu, sauti ilikuwa nene au nyembamba?"

"Nene kidogo," nikasema, "halafu inapanda mwishoni."

"Nyembamba."

"Mama Zuleka? Hapana. Hata ukiwa ng'ambo ya barabara ulimsikia kama mwanamume."

"Basi sema kama yeye."

"Mimi?"

"Wewe unaikumbuka. Sema."

Mimi sina meno ya mbele, na kifua changu kina vumbi la miaka sabini. Lakini aliniangalia, na mtu akikuangalia hivyo unafanya. Nikanyoosha kidole juu, nikapiga kelele: "Wewe! Rudi! Rudi upimiwe kwanza!" Mama mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe akageuka akacheka. "Nimekosa nini, baba? Nipimeni basi!" Sulemani hakumsikia. Macho yake yalikuwa kwa simu.

"Tena."

Nikasema tena. Nikasema mpaka maneno yangu yakaingia kwa mdomo wa Mwanabibi sawasawa, kila neno mahali pake. Sulemani akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, na machozi yakamshuka. Mimi nilifurahi. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli, nilifurahi, nikajiambia leo mguu wangu umefanya kazi. Jioni akaomba alale na simu, nikamwachia.

Asubuhi alikuja mpaka langoni kwangu na simu imefungwa ndani ya kitambaa safi. Nikamkaribisha chai. Hakuketi.

"Sasa akifungua mdomo nasikia wewe," akaniambia.

Ningemjibu kwa sauti gani?

"Mwanzo ilikuwa sauti yangu mimi," akasema. "Hiyo nilikuwa nimeizoea. Sasa ni yako. Hata kwa mambo ya mlango, hata ya chai. Ni wewe unaniambia chai inapoa." Hakuwa amekasirika. Aliniwekea simu mkononi, akanishika bega, akashuka pole pole kuelekea sokoni, na nikamwona anafungua bucha.

Hatembei tena na mimi. Mimi bado natoka asubuhi, kofia mbili, lakini nikifika pale dukani kwake naondoa ya juu na kuinua mkono, na sisemi neno, hata salamu. Nilifikiri nikinyamaza miezi kadhaa, huenda sauti yangu imtoke kama ile ya Mwanabibi ilivyomtoka, nayo ipate nafasi ya kurudi. Yeye huinua kisu kidogo, ananijibu, naye pia hasemi. Juzi tulitazamana hivyo kwa muda. Mwewe walikuwa wanazunguka juu ya soko. Nilimwuliza kwa macho tu kama ya Mwanabibi imerudi, na akatingisha kichwa kwamba bado.