Kahawia ya Mzee Mendung

Rubinem alizaliwa na kasoro moja tu, kama mama yake alivyopenda kuwaambia wageni: alisikia kwa macho. Akiwa na miaka mitano alikataa kulala chumba cha nyuma kwa sababu bata wa jirani, alisema, wana sauti ya rangi ya koga na wanamchafulia ukuta. Mama akampeleka kwa mganga. Mganga akampa maji ya maua anawe uso asubuhi na jioni. Aliyanawa siku saba, bata wakabaki na koga yao, na mwishowe watu wakamzoea kama wanavyomzoea mtu mwenye chongo.

Wakati wa habari hii alikuwa anakaribia sitini, mwembamba, mwenye vidole vya buluu mpaka kwenye viungo. Kazi yake ilikuwa batiki: kuchora kitambaa kwa nta ya moto, kukichovya rangi, kukichemsha nta itoke, kisha kukichora tena. Vitambaa vyake viligombewa soko kuu la mji wa Solo, na wanunuzi waliamini anajua magome fulani ya mti ambayo wenzake hawayajui. Magome yalikuwa yale yale. Siri ilikuwa kwamba alichovya Jumatano tu, siku ambayo wanaume wa kijiji chake, Kedungsari, walifanya mazoezi ya gamelan, kundi la patu na ala za shaba, ukumbini kwa mkuu wa kijiji, hatua mia moja kutoka kwenye mapipa yake. Alichosikia ndicho alichochovya, na kitambaa kikiharibika aliwalaumu wapigaji.

"Mpiga zeze alikuwa na mafua wiki ile," alimwambia mnunuzi bila haya. "Nikupunguzie kidogo."

Kijijini waliugeuza mchezo. Mwanamke mmoja alimuuliza kisimani, mbele ya watu, mkwe wake mpya ana sauti ya rangi gani. Rubinem, ambaye hajui kusema uongo kwenye mambo ya rangi, akajibu: "Maji ya kuoshea mchele." Mkwe hakumsalimu kwa miaka miwili.

Lakini aliyemtania kupita wote alikuwa mumewe, Kasdi, mpiga upatu mkubwa. Kazi hiyo inahitaji mtu wa aina yake. Wenzake hupiga mapigo mamia, yeye hupiga moja, la mwisho, na bila hilo moja wimbo haujakwisha. Katikati Kasdi alilala. Alikaa nyuma kabisa, mgongo umeegemea nguzo, kilemba chake cha kahawia kimeinama kifuani, na pigo lake likikaribia aliamka mwenyewe, akapiga, akarudi usingizini. Kwa miaka thelathini na tisa hakukosea hata mara moja, jambo lililowaudhi sana wale waliokuwa macho.

"Mimi nimepata bahati," Kasdi aliwaambia wenzake. "Mke wangu anasikia kwa macho. Akiyafumba, hasikii nikikoroma."

Upatu wenyewe ulikuwa na jina, Mendung, maana yake wingu zito, na ulipewa heshima ya mzee. Kila Alhamisi jioni uliwekewa maua na ubani. Hakuna aliyeuruka wala kuupitia mbele bila kuinama. Na kama ilivyo kwa kila gamelan ya nchi ile, sauti yake ilikuwa yake peke yake. Hakuna upatu mwingine uliofanana nao, hata ule wa kijiji cha Sendang, ambao kwa maoni ya watu wa Kedungsari ulikuwa sinia.

Mwaka huo, miezi miwili kabla ya sherehe ya kusafisha kijiji, Mzee Mendung alianguka. Alikuwa akishushwa ngazi za ukumbi, wabebaji wawili, na kila mmoja akamwachia mwenzake heshima ya kutangulia. "Tangulia wewe, kaka." "Hapana, kaka, wewe." Katika kusukumiana adabu kamba ilikatika, na ufa ukapita kutoka ukingoni mpaka karibu na kitovu.

Dawa ilikuwa moja: kuuyeyusha na kuufua upya kwa shaba ile ile. Wakaupeleka kwa mhunzi, Mzee Darmo, ng'ambo ya mto, na baada ya majuma saba upatu mpya ulining'inia kwenye karakana yake, mweusi bado, ukingoja kugongwa nyundo usoni, pigo moja moja, mpaka upate sauti.

"Sauti gani?" akauliza Mzee Darmo.

Penye wengi pana mengi. Kamati ya wanaume saba ilijipanga mbele ya mhunzi na kila mmoja akaiga upatu kwa mdomo wake. Katibu alifanya "guuung". Mweka hazina alifanya "gerrrr", akakohoa. Mkuu wa kijiji alifanya kitu kilichomfanya mbwa wa mhunzi ainuke na kutoka. Kulikuwa pia na kaseti moja, iliyorekodiwa harusini, ambamo Mzee Mendung alisikika kama mtu anayeweka sufuria chini. Kasdi hakuiga kitu. Alisema ataujua akiusikia, na kabla hajausikia hana la kusema.

Rubinem alikuwa amekuja na wanawake wawili kuwaletea wahunzi wali na tempe, vipande vya soya iliyochachushwa. Mhunzi aligonga upatu mara moja ili kamati inyamaze, naye Rubinem akasema, kama anayejisemea tu:

"Huo ni buluu. Mzee Mendung alikuwa kahawia."

Kamati ilicheka mpaka katibu akafuta machozi. Mzee Darmo hakucheka. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote alifanya kazi madirisha yakiwa yamezibwa, mchana kweupe, kwa sababu shaba iliyo motoni husomwa rangi gizani, na mtu anayekosea rangi hupasua kazi ya wiki nzima.

"Kahawia gani, mama?" akauliza.

Rubinem akanyoosha kidole kwenye kichwa cha mumewe.

"Ile. Kitambaa cha kilemba kile nilikichovya mwenyewe mwaka tuliooana. Ndiyo rangi yake."

"Ungesema mapema," Kasdi alisema. "Ningekitundika kilemba hapo kwenye kamba, sisi twende zetu."

Siku mbili walifanya hivyo. Mhunzi aligonga, Rubinem akatazama kilemba, akatikisa kichwa. Buluu ikaondoka, ikaja kijivu, ikaja rangi ya udongo mkavu. Siku ya pili adhuhuri alisema: "Hapo." Mzee Darmo akaweka nyundo chini, kamati ikapumua, na upatu ukapelekwa nyumbani kwa maua na nyimbo. Sherehe ilikuwa imebaki siku tano.

Jioni hiyo hiyo walifanya mazoezi. Kasdi alilala kama kawaida, akaamka kama kawaida, akapiga. Kisha hakurudi usingizini, na hapo ndipo watu walipoanza kuogopa.

"Si yeye," alisema.

"Kama si yeye ni nani?" mkuu wa kijiji akauliza.

"Binamu yake. Anafanana naye, lakini nyumba hii si yake. Ni kama chai iliyoongezwa maji mgeni alipoingia. Mimi sipigi. Kama hamna jingine, kaazimeni wa Sendang."

Watu wa Sendang wangewaazimisha upatu wao, tena kwa furaha, na vitukuu wa Kedungsari wangekumbushwa habari hiyo katika kila harusi. Macho yote yakamgeukia Rubinem, kwa maana aliyesema "hapo" ni yeye. Hakuna aliyemtania jioni hiyo, na hilo lilimuuma kuliko utani wote wa maisha yake.

Nyumbani alimwaga hasira. "Miaka thelathini na tisa unasema sauti haina rangi. Leo ndiyo umepata masikio?"

"Masikio ninayo siku zote. Macho ndiyo ninayafumba."

"Basi sema kilichopungua."

"Sijui kusema," Kasdi alijibu, na safari hii hakuwa anatania. "Najua tu kwamba yule nikimpiga, hakuna kinachonijibu hapa." Aligusa kifua, akavua kilemba, akakiweka kigodani kichwa chini miguu juu, akaenda kuoga.

Rubinem alikitazama kilemba kwa chuki. Ni cha aina ile iliyokunjwa mikunjo myembamba na kushonwa kabisa, kikawa kama kofia. Na kwa kuwa kililala hivyo, uzi mmoja umelegea, mkunjo mmoja ulikuwa umefunuka kidogo kama mdomo. Ndani yake aliona mstari wa kahawia nyingine. Nzito, yenye wekundu kwa chini, kama sukari ya mnazi inapokaribia kuungua.

Alikaa chini. Jua la miaka thelathini na tisa, jasho la miaka thelathini na tisa, na sabuni yake mwenyewe. Kilemba kilikuwa kimechujuka siku baada ya siku mbele ya macho yake, na kwa sababu alikiona kila siku, kumbukumbu yake ilichujuka nacho pamoja, taratibu, bila kumwambia. Yeye, bingwa wa rangi wa soko zima la Solo, alikuwa ameulinganisha upatu wa mababu na nguo kuukuu. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Kasdi aliporudi alimwonyesha. Ili kuiona vizuri, alisema, kilemba lazima kifumuliwe chote, na kikifumuliwa hakishoneki tena, kwa maana kitambaa kimechoka. Alilisema hilo akitazama sakafu. Alijua mumewe anacho kimoja tu, na hajawahi kupiga upatu bila hicho.

Kasdi alikishika muda mrefu. Akakinusa, jambo ambalo mtu mwingine asingelithubutu. Kisha akaenda kuchukua wembe wake wa kunyolea, akakaa mlangoni kwenye mwanga, akaanza kukata uzi yeye mwenyewe.

"Ngoja nikate vizuri," alisema, "usije ukasema nimeharibu rangi."

Kesho yake wao na kamati waliurudisha upatu kwa mhunzi, pamoja na kilemba kikiwa kimenyooshwa, kitambaa chenye mistari sasa, mweupe-mweupe mmoja na mzito mmoja. Mzee Darmo alikitazama, akatazama upatu, akakuna kidevu. Alisema shaba hii ikiwa baridi ameshaigonga mara nyingi kuliko alivyopenda. Inavumilia mapigo machache, hajui mangapi. Likizidi moja, upatu utapasuka, na safari hii hakuna muda wa kuyeyusha.

"Wewe ndiye utakayesema 'basi'," alimwambia Rubinem. "Usiponiambia, mimi nitaendelea."

Aligonga. Wakasikiliza. Udongo mkavu. Akagonga tena. Chai. Katibu alikuwa anang'ata kucha. Kasdi alikaa kwenye gunia la makaa, kichwa wazi, upara unang'aa, macho yamefumbwa, na kamati ikaamini amelala. Pigo la tatu, la nne; kahawia ikaingia, ikazama, wekundu ukachungulia kwa chini. Mzee Darmo aliinua nyundo kwa pigo la tano, kwa maana kwa sikio lake bado kidogo, na Rubinem akamkamata mkono kwa vidole vyake vya buluu.

"Basi, mzee."

"Kidogo tu, mama, itakaa sawa."

"Basi. Imefika."

Hakuna mwanamke aliyewahi kumshika mkono wa nyundo Mzee Darmo katika karakana yake. Alimtazama, kisha akaishusha. Kasdi alifumbua macho, akachukua rungu la kupigia, akapiga mara moja na kukaa. Sauti ilitoka, ikajikunja, ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi, mpaka ikabaki kwenye mbao za ukuta tu. Kasdi alikuwa analia bila kujificha.

"Huyu namjua," alisema.

Siku ya sherehe, kwenye chemchemi ya kijiji, Kasdi alipiga akiwa amevaa kilemba cha kuazima cha mkuu wa kijiji, mtu mwenye kichwa kikubwa kuliko busara yake. Kila aliposinzia kilemba kilimfunika macho mpaka puani, na vijana wakawa wanawekeana dau kama atalikosa pigo. Hakulikosa. Mwanamke wa kisimani alimsogelea Rubinem, akamuuliza, safari hii kwa sauti ya chini, upatu una rangi gani leo. Rubinem akamwambia. Mwanamke aliutazama upatu kwa muda, kana kwamba anajaribu kuiona.

Walirudi nyumbani kwa miguu, alasiri, njia ya mashambani, Kasdi amebeba kitambaa kilichokunjwa kwapani.

"Mama Tumini," Kasdi alimwita mkewe, kwa jina la mtoto wao.

"Naam."

"Na sauti yangu mimi ina rangi gani?"

Kijiji kizima kilikuwa kimeshauliza, kila mtu la kwake. Yeye peke yake hakuwahi. Rubinem alitembea hatua kadhaa kwanza.

"Kile kitambaa sikukichovya kwa ajili ya upatu," alisema. "Kwa wahunzi niliona haya kusema. Nilikichovya wiki uliyokuja kuposa, nilipokusikia nyuma ya ukuta unazungumza na baba. Baadaye upatu ulipopigwa, nikaona mko rangi moja. Ndiyo maana nilikubali."

Kasdi alisimama katikati ya njia. "Kwa hiyo ni kahawia ile."

"Ilikuwa. Sasa umefuliwa mara nyingi."

Alicheka, akakohoa, akakisukuma kilemba cha mkuu wa kijiji kitoke machoni amwone vizuri.

"Basi nifumue," alisema. "Ndani bado ipo."

Rubinem alimwambia aache upuuzi, watu wanapita, akamshika mkono, wakaendelea na safari.