Mashine Ilinipa Thelathini na Nane, Mume Wangu Hajasahau

Admin, jina langu lifiche, lakini kijiji chetu cha Waa usikifiche, maana huku tuko wengi na kila nyumba ina mume mcheshi. Assalamu alaykum wana ukurasa, wakubwa shikamooni. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, magoti yangu yana themanini. Mume wangu nitamwita Baba Riziki. Hanywi, hanipigi, kila siku analala nyumbani. Kosa lake ni moja, na nimelibeba tangu mwishoni mwa miaka ya tisini.

Enzi hizo nilikuwa dobi kwenye hoteli moja ya Galu. Siku za kazi napiga pasi mashuka ya wageni, siku za arusi naitwa kutoa nyimbo za vugo. Kwa asiyeijua, vugo ni ngoma ya wanawake: tunagonga pembe kwa vijiti, mmoja anatoa wimbo, wengine wanaitikia. Huyo mmoja nilikuwa mimi. Kutoka Bongwe mpaka Msambweni, maarusi wametolewa kwa sauti yangu. Msinicheke, nilikuwa na sauti. Nilikuwa na kiuno pia, lakini hicho tukiache.

Shoga yangu pale kazini nitamwita Njeri, mtu wa bara, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao. Mjerumani mmoja ambaye Njeri alikuwa akimfanyia usafi wa nyumba alirudi kwao akamwachia mashine ya karaoke. Unaiunganisha na televisheni, maneno ya wimbo yanapita kwenye kioo, unaimba kwenye maiki, na mwisho mashine inapiga tarumbeta na kukupa alama katika mia. Jumapili moja akatualika kwake Ukunda, tule, tushindane.

Njeri akaimba, tisini na moja. Mumewe akaimba kama mtu anayefukuza ng'ombe shambani, themanini na tatu. "Sasa mpisheni fundi!" akasema Baba Riziki, kifua mbele, utadhani koo ni lake. Nikachagua wimbo wa Kizungu wa polepole niliouzoea kwenye redio ya kazini, nikauimba kama nijuavyo mimi: sauti naichelewesha kidogo, naikunja, nairudisha. Hata macho nilifumba. Nilipofumbua, Njeri alikuwa anajifuta machozi.

Tarumbeta ikalia. Thelathini na nane.

Baba Riziki kicheko kikamtokea puani. "Mama Riziki! Hata nusu hukufika!" Nikacheka na mimi, sina tabia ya kununa mbele ya watu. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani sikuimba hata ubeti.

Tangu siku ile mimi ni Thelathini na Nane. "Thelathini na Nane, chai iko wapi?" Zilipokuja simu za mkononi, akanihifadhi hivyo hivyo. Watu walipokuja kuniomba vugo niliwaambia nina kifua. Kifua, miaka yote hiyo! Wakachoka kuja. Niliwaza, mke wa jirani anaweza kunionea wivu, lakini mashine itanionea kwa lipi?

Sasa kitindamimba wangu anaolewa Mfungo Mosi huu. Shangazi zake wamemlea kwa sifa za sauti ambayo hajawahi kuisikia. Siku wakwe walipokuja kupanga mambo, akasema mbele yao: "Mama, sitaki kingine kwako. Siku hiyo nitolee wimbo wewe." Sijafungua mdomo, babake akadakia: "Huyu? Jamani, huyu ana thelathini na nane katika mia!" Akasimulia yote, na tarumbeta akaipiga kwa mdomo. Wakwe wakacheka kwa adabu, wakasema basi watakuja na kikundi chao na spika zao. Mwanangu akainama, akawa anachezea ukingo wa mkeka.

Wiki mbili zilizopita nikaenda Ukunda kumpelekea Njeri mwaliko. Nikamweleza, na yeye badala ya kucheka akaniangalia kama niliyechanganyikiwa.

"Ngoja. Ati uliacha kuimba juu ya ile kitu? Mama Riziki, ile kitu ilikuwa ovyo! Ilikuwa inapenda tu makelele. Jumapili iliyofuata tulimshikia maiki jogoo wa kuchinja, akawika mara mbili, ikampa sabini na mbili!"

"Jogoo?"

"Jogoo! Na mzee wako si alikuwa hapo? Alicheka mpaka akakaa chini."

Kweli, Jumapili ile mimi nilisingizia kichwa, Baba Riziki akaenda peke yake. Alirudi akinukia mchuzi wa kuku, wala hakusema neno.

Nilipomuuliza hakukana. "Nilitaka kukwambia, mke wangu. Siku zikapita, jina nalo likanoga. Sikujua kuwa ndilo lililokunyamazisha. Si ulisema kifua?" Na hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwa sababu kweli nilisema kifua.

Nimemtaka jambo moja tu: arudi kwa wakwe, na ya jogoo nayo awasimulie. Hataki. Anasema atajivunjia heshima. Yangu aliivunja kwa tarumbeta!

Jana alasiri nilikuwa nakuna nazi, nikajisahau, nikatoa wimbo wa kumtoa bi arusi. Koo lilikwaruza kama bawaba yenye kutu, kisha likafunguka. Nikasikia redio ya ukumbini inazimwa. Nikaimba mpaka mwisho. Kisha sauti ya Baba Riziki, ya chini:

"Thelathini na tisa."

Nikageuka nimjibu, nikamwona binti yangu amesimama mlangoni, shavu limelowa. Hakumwangalia babake. "Mama," akasema, "tena."

Sikuweza. Niliinuka nikaliacha kunio langu pale pale.

Jamani, nishaurini, nifanye nini? Nisubiri mpaka aseme ukweli mbele ya wakwe ndipo niimbe, au niimbe tu, spika zao na kicheko chake vyote nivifunike? Siku zinakwisha na mwanangu anangoja jibu. Mpaka mtakaponijibu, nazi anakuna Baba Riziki.