Mama Alifukuza Bata, Mmarekani Akaimba Mizimu

Niliitupa simu kwenye karai la nepi. Eti mimi ni mwizi wa wimbo!

Nilikuwa nimeweka video mtandaoni nikimbembeleza mwanangu. Hata hajalala, video ikaondolewa. Nikaambiwa wimbo una mwenyewe, na mwenyewe ni Mmarekani fulani mwenye banjo. Jamani! Wimbo ambao mama yangu aliutunga kule kwetu Sio Port, kando ya ziwa, mimi nikiwa mgongoni!

Lakini kosa ni langu. Wacha niseme ukweli, mnicheke vizuri.

Huyo Mmarekani alilala kwenye loji ninayofanyia kazi hapa Malaba. Msanii huru, akasema. Hana kampuni, hana meneja, anazunguka akitafuta mizizi ya muziki. Si tungempa tu jembe akachimbe mihogo! Albamu zake, alikiri mwenyewe, zilikuwa zinanunuliwa na shangazi zake.

Akanikuta nyuma ya jikoni nikimlaza mtoto. Macho yakamtoka. "Huo wimbo ni wa nani?"

Mimi na kidato cha nne changu! Nikaona aibu. Nimwambie mama alikuwa mwanika omena, wale dagaa wa ziwani, miguu imejaa magamba? Nikajibu kwa Kiingereza cha shule, "Hauna mwenyewe. Ni wa zamani tu."

"Unahusu nini?"

"Mizimu ya ziwa."

Uongo mtupu! Nilitaka tu nionekane wa maana. Akanirekodi huku akifuta machozi. Akaninunulia soda. Nikanywa!

Akarudi kwao, akautoa wimbo kwa jina lake, na leo kumbi anazoimba zinajaa. Anavaa kofia pana, anafumba macho, na watu wanafumba naye wakisubiri mizimu. Jina langu la utotoni limo ndani ya wimbo huo. Analitamka kama mtu aliyeungua ulimi kwa kiazi moto.

Nikampigia kaka yangu nyumbani. Alicheka mpaka akakohoa.

"Sista, si ulisema hauna mwenyewe? Basi umepata mwenyewe!"

Kisha akauliza, "Na mama je?"

Woi! Mama hakuacha hata picha. Aliacha wimbo huo, nami nikamkana kwa sababu ya magamba ya samaki.

Kina dada, mgeni akikuuliza kitu ni cha nani, mtaje mama yako. Mtaje pamoja na magamba yake! Ukimficha, kuna mtu atakuja na kofia amrithi.

Malalamiko niliyowapelekea wenye mtandao ni haya:

"Mtunzi wa wimbo huu ni marehemu mama yangu, mwanika omena wa Sio Port. Mimi ndiye niliyesema hauna mwenyewe. Nilidanganya. Hakuna mizimu ndani yake. Kuna bata wa jirani aliyekuwa akila omena yetu, na mtoto anayeambiwa alale ili mama apate kumfukuza bata huyo. Mtoto ni mimi. Naomba jina la mama liandikwe. Shahidi wangu ni huyo jirani. Yuko hai, na mpaka leo anakana kwamba bata alikuwa wake."